Gauti ya Baba Brightness

Cheti cha kifo kinasema Machi 2024. Mimi nahesabu tangu Jumanne ya pili ya Novemba 2022, kwa sababu siku hiyo mume wangu hakushuka dukani, na hakukaa tena nyuma ya kaunta yake mpaka alipotuacha.

Aliitwa Elimringi. Mimi nilimwita Baba Brightness kwa jina la binti yetu, naye aliniita Mama Brightness hata tukiwa wawili tu chumbani, kana kwamba kuna mtu anasikiliza. Kariakoo walimwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Tulikuwa tunauza vifaa vya umeme kwa jumla, swichi, soketi, nyaya na taa, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, na tulikuwa tunaishi ghorofa ya pili juu ya duka lenyewe.

Asubuhi ile aliamka saa kumi na moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akateremsha mguu wa kushoto. Wa kulia ulikataa. Goti lilikuwa limevimba kama papai, na nilipoligusa nikaondoa mkono haraka.

"Mama Brightness," akasema, "leo gauti imekuja na ndugu zake."

Hapo lazima nieleze habari ya gauti, maana bila hiyo mtu hatatuelewa, atadhani tulikuwa wajinga tu.

Sisi Wachaga wa Mwika tulioko Dar tuna kikundi chetu. Tunakutana Jumapili moja kila mwezi katika ukumbi mmoja Ilala. Kikundi kina wanachama sitini, na kati yao watatu wana gauti. Hao watatu hukaa mbele. Kila mmoja huwekewa kigoda cha kupumzishia mguu. Sisi wengine tukiletewa nyama ya ng'ombe, wao huletewa kuku, nao humla huku wakisikitika, kwa sauti ya watu waliochoshwa na neema. Mwenyekiti wetu, Gaudens, anayeuza mafuta ya kula kwa jumla, ana gauti ya miaka kumi na moja, na hakuna mkutano ambao haukuanza na taarifa ya kidole chake gumba. Kwa watu wetu gauti ni ugonjwa wa viungo wa mtu aliyefanikiwa akala nyama.

Mume wangu alikuwa amekula nyama miaka thelathini bila kupata chochote.

Kwa hiyo goti lilipovimba Ijumaa, alimpigia simu Gaudens kabla ya kuniambia mimi. Niliwasikia sebuleni, simu ikiwa kwenye spika.

"Linauma usiku?" Gaudens alimuuliza.

"Sana."

"Shuka likigusa?"

"Kama limedondoshewa tofali."

 Gaudens akasema, "Karibu."

Basi wikiendi nzima Baba Brightness alilala amenyoosha mguu juu ya mito miwili, anapokea simu za pongezi. Na mimi sikubaki nyuma. Jumamosi mteja wa Morogoro alipokuja kuchukua mzigo, nilimwambia bila kuulizwa kwamba mzee yuko juu, ana gauti. Nililitamka vizuri, taratibu. Hilo ninalikumbuka kuliko mengine, na silipendi.

Siku ile ya Jumanne, ilipofika saa mbili duka halijafunguliwa, Ubeid alipanda ngazi. Ubeid ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anauza mapazia. Babu yake alitoka Yemeni, yeye hajawahi kufika hata Zanzibar. Kwa miaka ishirini na sita yeye na mume wangu walikuwa wanagombana kila asubuhi, wakikosa kugombana siku moja wanakosa raha.

"Mangi, umekufa?" aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Bado."

"Basi fungua duka. Ukifunga, wateja wanadhani mtaa mzima umefilisika."

Akaingia, akaliona goti. Akalisogelea, akaweka kiganja juu yake. Niliona utani unamtoka usoni.

"Hapa mtu anachemsha chai," akasema. "Tangu lini?"

"Ni gauti," alisema mume wangu.

"Gauti gani inagonganisha meno? Unatetemeka, wewe. Shemeji, ametetemeka tangu saa ngapi?"

Nikasema tangu usiku. Nilimwambia pia kwamba mume wangu ana sukari, jambo ambalo alikuwa amemficha kwa miaka sita.

"Ana sukari, na umemlaza hapa siku nne kwa gauti?"

 Mume wangu ndiye aliyejibu. Alisema haendi hospitali yoyote, maana madaktari watamkataza safari, na safari ya Desemba hakosi.

Safari hiyo ndiyo ilikuwa roho yake. Kila Krismasi tangu 1989 amekwenda Mwika kwa mama yake. Mama mkwe wangu wakati ule alikuwa na miaka tisini na moja, anaishi juu kabisa, mahali ambapo gari haliwezi kufika. Unashuka barabarani, unapanda kwa miguu kati ya migomba kwa dakika ishirini, na njia imesimama kama ngazi. Yeye hawezi tena kushuka. Mwanawe asipopanda, hawaonani. Ndiyo habari yote.

"Sasa kwa goti hilo utapandaje?" aliuliza Ubeid. "Utabebwa kama kabati?"

Nadhani neno kabati ndilo lililomwinua.

Saa ile mtaa wetu gari halipiti. Wamachinga wanakuwa wameshatandaza viatu na nguo mpaka katikati. Ubeid akaleta vijana wanne wa mkokoteni. Walimshusha kwenye kiti cha plastiki, wakamweka juu ya robota la mapazia mkokotenini, tukaanza safari ya kwenda barabara kubwa, Ubeid alikoegesha kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo. Vijana wa mikokoteni wana desturi ya kupiga kelele "Mguu! Mguu!" ili watu watoe miguu yao njiani wasikanyagwe. Kwa hiyo tulipita mtaani na mgonjwa wetu amenyoosha goti lake mbele, vijana wanapaza sauti "Mguu! Mguu huo! Mguu!" na watu badala ya kupisha wakawa wanasogea kuuangalia.

"Pole, Mangi! Nini tena?"

"Gauti," alijibu kila aliyeuliza, akiinua mkono kama kiongozi kwenye msafara. "Gauti tu."

Pembeni, spika ya muuza dawa ilikuwa inaimba sauti ileile iliyorekodiwa, inayoimba mpaka jioni: gauti, presha, kiuno, ganzi, mende, kunguni, panya.

Idara ya dharura walimpima joto, wakampima sukari, wakaangaliana, tukaruka foleni. Hilo peke yake lilinitia hofu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo kuli wa bandarini aitwaye Polycarp, amedondokewa na pembe ya sanduku kwenye vidole vya mguu, anasubiri picha. Alikuwa mtu wa maneno.

Daktari alikuja. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mfupi, amevaa raba za kijani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Naitwa Daktari Severa."

"Aha. Na mkubwa wako?"

"Mkubwa wangu yuko na mtu aliyegongwa na bodaboda. Ukimtaka nitamwita, ila utasubiri. Goti limeanza lini?"

"Ijumaa. Ni gauti."

"Nani amesema?"

"Mwenyekiti."

Daktari akanigeukia. "Mwenyekiti ni daktari?"

"Anauza mafuta ya kula," nikasema.

Akaliangalia goti kwa muda, akajaribu kulikunja kidogo sana, mume wangu akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Kisha daktari akainama karibu.

"Hizi chale tatu amekuchanja nani?"

Nami nikainama. Sikuwa nimeziona. Zilikuwa ndogo, pembeni ya goti, zimepakwa kitu cheusi.

"Mbu," alisema mume wangu.

"Mbu wa wapi huyo anauma kwa mstari?" aliuliza Polycarp kutoka kitandani kwake.

Ikatoka, kidogo kidogo. Goti lilikuwa limemuuma tangu Oktoba kwa kupanda ngazi ya stoo. Wiki moja kabla ya kuvimba alikwenda Mchikichini, nyuma ya mabanda ya viatu vya mitumba, kwa mtu mmoja mwenye wembe na kopo la unga, ili aiwahi gauti kabla haijafika. Mimi aliniambia anakwenda kutafuta soksi.

"Ulirudi bila soksi," nikamwambia.

"Hawakuwa na saizi yangu."

Daktari hakucheka. Alisema, "Nitakupima kwa utrasaundi, hapa hapa kitandani."

Mume wangu akajivuta nyuma mpaka kichwa kikagonga chuma cha kitanda. "Mimi ni mwanaume, binti yangu."

"Naona."

"Utrasaundi si ni ya wajawazito?"

"Usikatae, mzee," alisema Polycarp. "Kwa ukubwa huo wanaweza kuwa mapacha."

Wakati huohuo simu ya Ubeid ikaita. Alikuwa mkewe, Saadiya, aliyebaki anaangalia maduka yote mawili. Ubeid alisimama dirishani akamjibu kwa haraka ya mtu ambaye hataki kukosa kinachoendelea: "Tuko hospitali, mama Brightness yupo hapa, wanapima utrasaundi, nitakupigia." Akakata. Hatukufikiria chochote.

Mashine yenyewe niliitarajia iwe kubwa kama jokofu. Ilikuwa kidude kinachotosha mkononi, kama mashine ya kunyolea, kimeunganishwa kwa waya na kioo cha ukubwa wa daftari. Daktari akalipaka goti mafuta ya baridi, mume wangu akashtuka, naye daktari akaanza kukipitisha juu ya goti taratibu sana, bila kukandamiza. Kwenye kioo kukawa na kijivu juu ya kijivu, na katikati doa kubwa jeusi.

"Kuna maji mengi ndani ya goti," akasema. "Nataka kuingiza sindano niyatoe tuyaangalie."

"Gotini?"

"Gotini."

"Hapana," alisema mume wangu. "Nipe dawa za gauti nirudi zangu dukani."

Na simu yake ikaita. Akabonyeza spika bila kukusudia, sauti ya Gaudens ikatoka wazi chumba kizima.

"Elimringi! Nasikia wamekupeleka hospitali! Sikiliza, wakitaka kukuchoma goti, kataa! Mimi miaka kumi na moja sijachomwa hata kidole! Gauti haichomwi! Gauti inavumiliwa!"

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Daktari Severa.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Daktari wake."

"Ah. Basi, poleni na kazi," alisema Gaudens, akakata.

Lakini sumu ilikuwa imeshaingia. Mume wangu alikunja mikono kifuani, akageuza uso ukutani. Daktari akavuta kigoda, akakaa ili macho yao yawe sawa.

"Mzee wangu, inaweza kuwa gauti kweli. Lakini kama ni usaha, unakula goti kwa ndani sasa hivi, tunapozungumza. Kesho au keshokutwa linakauka, halikunjiki tena. Au unaingia kwenye damu, na wewe una sukari. Hapo hatutakuwa tunaongelea goti."

"Usaha ni ugonjwa wa watoto wa chekechea," alisema mume wangu akiwa bado anatazama ukuta.

"Daktari," nikasema, na sauti ikanitoka juu kuliko nilivyotaka, "huyu ana mlima wa kupanda Desemba. Mama yake yuko juu."

"Ndiyo maana nina haraka," akasema. Akafikiri kidogo. "Baba, nipe goti jingine."

"Lingine halina tatizo."

"Ndiyo sababu nalitaka."

Akaweka kidude juu ya goti la kushoto. Kwenye kioo kulikuwa na kijivu kilichotulia, na mstari mwembamba mweusi, mwembamba kama uzi. Akarudi kulia: doa lile kubwa, na ndani yake vitu vidogo vinaelea. Akarudi kushoto.

Nikaona shingo ya mume wangu inageuka.

Alikuwa mtu wa swichi. Mteja akija na swichi akilalamika ni feki, hakuwahi kubishana naye. Alichukua orijino kutoka kwenye shelfu, akaziweka mbili pamoja kaunta, akasema, "Angalia mwenyewe." Alikuwa anaamini macho mawili juu ya vitu viwili kuliko maneno ya mtu yeyote, hata mchungaji.

"Rudisha la kulia," akasema.

Akarudisha.

"La kushoto."

Akapeleka kushoto.

"Hivi vinavyoelea ni nini?"

"Hivyo ndivyo nisivyovipenda."

"Ni gauti au ni usaha?"

"Sijui," alisema daktari.

Ubeid akaguna. Mume wangu akamtazama yule binti vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kariakoo hakuna anayesema hajui. Ukiuliza waya wa shaba tupu kwa muuza ndala, atakwambia anao, subiri dakika mbili.

"Hujui?"

"Picha inaniambia kuna mzigo ndani na umekaa wapi. Haisemi ni mzigo gani. Gauti inaleta maji, usaha unaleta maji, hata kuanguka kunaleta maji. Mpaka niyatoe niyaone."

 Uso wa mume wangu ukawa ule wa siku ya kupokea kontena. Mzigo ukishushwa kutoka bandarini, maboksi mia mbili yamepangwa, nje yameandikwa vizuri na muhuri juu, yeye hakusaini karatasi mpaka amefungua moja. Na hakufungua la juu wala la chini, maana anayetaka kukuibia anaweka vizuri juu na vizuri chini. Alipenyeza mikono akavuta boksi la katikati. Madereva walimchukia. Alikuwa hajali.

"Sindano itaingilia wapi?" akauliza.

"Hapa pembeni, juu kidogo ya pia ya goti."

"Si katikati?"

"Inaingilia pembeni, inafika katikati. Nitaiona kwenye kioo inavyokwenda, na wewe utaiona."

"Basi fungua," alisema Baba Brightness.

Daktari alimchoma ganzi kwanza. Kisha nikaona kwenye kioo mstari mweupe unaingia kwenye lile doa, polepole, kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Polycarp alikuwa ameinuka juu ya viwiko vyake aone. Ubeid alikuwa amefumba macho, anasoma dua kwa midomo bila sauti. Daktari akavuta.

Kilichokuja hakikuwa maji. Kilikuwa kizito, cha njano ya kuelekea kijani, kama juisi ya embe iliyolala nje. Kikajaa sindano ya kwanza, akaweka ya pili.

Mume wangu aliitazama ile sindano muda mrefu.

"Hiyo siyo gauti," akasema.

"Tutapeleka maabara, lakini nadhani siyo, baba."

"Hata kidogo?"

"Pole."

Nimemwona mume wangu akizika baba yake, na nimemwona duka la kwanza lilipoungua. Huzuni aliyokuwa nayo dakika ile ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuwa ya mtu aliyechaguliwa kuwa mjumbe Ijumaa na kuvuliwa Jumanne.

Simu ikaita tena. Gaudens. Safari hii alibonyeza kwa kukusudia, akaiweka kifuani.

"Vipi, umekataa?"

"Gaudens, nimefungua boksi. Ndani siyo kilichoandikwa nje."

"Unasemaje?"

"Nasema mpe kile kigoda changu mtu mwingine."

Ndani ya nusu saa walikuwa wamemwekea dripu ya dawa, na kabla ya saa nane wakamwingiza chumba cha upasuaji kuosha goti. Mlangoni alinishika mkono, nikadhani ataniambia jambo la mwisho, jambo kuhusu Brightness aliyekuwa chuoni Dodoma, au kuhusu sisi.

"Kikundi usiwaambie usaha," akasema. "Waambie maji."

Waliosha mara mbili, Jumanne ile na tena Alhamisi. Maabara ilisema ni bakteria wa kwenye ngozi, wameingia kwa chale. Daktari mkubwa, yule aliyekuwa na mtu wa bodaboda, alituambia siku mbili nyingine nyumbani na asingekuwa na hakika ya mguu, wala ya mwenye mguu.

Mimi nilirudi Kariakoo jioni ya Jumanne ileile kuchukua nguo zake. Nilikuwa nimechoka, macho yamevimba. Mama wa vitenge wa mkabala akanikumbatia mlangoni, akanishika tumbo, akasema, "Hongera, mama Brightness! Mungu ni mkubwa jamani!" Nikadhani anamshukuru Mungu kwa operesheni. Nikasema asante. Mwingine akaja na soda ya tangawizi, akasema nisibebe vitu vizito. Kijana wa mkokoteni akanipisha njia nzima bila kusema mguu. Mpaka nilipofika ngazini ndipo Anifa, muuza karanga, aliponiwekea mkononi kifurushi cha gazeti, na ndani yake kuna udongo wa kula, ule wa wajawazito, vipande vinne vizuri vya mviringo.

"Wa kwangu mwenyewe," akaninong'oneza. "Hata mimi wa mwisho nilimpata ukubwani."

Nilikuwa na miaka hamsini na nne. Saadiya alikuwa amewaambia watu alichosikia kwenye simu, neno kwa neno, hakuongeza hata moja: mama Brightness yuko hospitali, wanapima utrasaundi. Mtaa ulimalizia wenyewe.

Nilipomsimulia Baba Brightness wodini kesho yake alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu. Alinifanya nirudie kipande cha udongo mara tatu. Kisha akaniomba nimletee kimoja, akakiweka juu ya kabati la kitanda, na kila daktari aliyepita alimwambia, "Ni wa mke wangu."

Akakaa wiki tatu. Wenye gauti wote watatu walikuja kumwona, wamevaa viatu vya wazi, wameleta supu ya kuku. Gaudens alikaa kwenye kiti cha mgeni na kuuliza kwa upole wa msibani, "Kwa hiyo siyo gauti?"

"Siyo."

"Walipima vizuri?"

"Walifungua, Gaudens. Mwenyekiti, wewe hicho kidole chako kimewahi kufunguliwa?"

Gaudens alimaliza chai yake haraka, wakaondoka.

Goti lilirudi, lakini si lote. Lilikunjika mpaka nusu. Kusimama siku nzima nyuma ya kaunta hakuweza, na ngazi ya stoo hakuigusa tena, kwa hiyo dukani nikashuka mimi. Alikaa juu, dirishani, akinipigia simu kuniambia mteja gani anaingia. Nilikuwa ninamwona mteja mwenyewe kabla simu haijaita. Niliipokea.

Desemba ile, tarehe ishirini na tatu, tulipanda. Binamu yake Jovin alitangulia na mizigo, Brightness alikuwa nyuma yetu amebeba kiti cha plastiki kichwani. Dakika ishirini zilikuwa saa moja na dakika arobaini. Kila akichoka, Brightness aliweka kiti katikati ya njia, baba yake akakaa, na waliokuwa wanateremka wakalazimika kusimama na kumsalimia. Aliwaeleza wote habari za utrasaundi. Nadhani vituo vingine havikuwa vya uchovu.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Alimwangalia anavyokuja na fimbo, hatua kwa hatua, mpaka alipofika na kumshika mikono.

"Elimringi," akamwambia, "umezeeka kunishinda."

Akapanda na Krismasi iliyofuata, kwa saa moja na robo. Machi alikwenda kulala mchana, hakuamka. Walisema ni moyo. Tulimzika Mwika, chini ya nyumba ya mama yake, na waliombeba walipumzika mara sita.

Sasa Desemba napanda mimi. Mama mkwe ana miaka tisini na nne. Nakaa kwake siku tisa, halafu nashuka.